UZI: Kuomba PhD ya biolojia ukiwa Mtwara au Lindi: maombi, usaili na maswali wanayouliza kweli

Kijana wa Kitangari (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Minada ya korosho ikikaribia, na maombi ya PhD nayo yanakaribia, na faragha yangu inajaa maswali yaleyale kutoka kwa ndugu zangu wa kusini. Nayaweka hapa tujadili wote.

Kwa ufupi: mimi ni mtu wa Newala, nasoma magonjwa ya mimea Marekani. Kwenye idara yetu wanafunzi wa miaka ya juu huwa wanakaa kwenye usaili wa waombaji wapya, kwa hiyo nimeuona upande wa anayeulizwa na wa anayeuliza.

Msimamo wangu nautoa mapema, anayetaka kubisha abishe. Wengi wetu hatuangushwi na GPA. Tunaangushwa na kuandika maombi ya PhD kama barua ya kuomba kazi halmashauri: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, naipenda sayansi tangu utotoni, naomba nafasi hii nikaitumikie jamii yangu." Profesa anasoma rundo la barua za hivyo usiku mmoja. Anachotafuta ni mtu mwenye swali, ambaye ameshalihangaikia hata kwa vifaa duni, na anayeweza kusema data zake zina udhaifu wapi.

Sasa taratibu, maana hapa ndipo watu wanapotea mapema.

Marekani kuna milango miwili, na ukigonga usio wako umepoteza ada. Programu za molekuli, seli, jenetiki na kinga ya mwili mara nyingi huchukua wanafunzi kwa pamoja. Unaomba kwenye programu, siyo kwa mtu. Ukifika, mwaka wa kwanza unazunguka maabara kadhaa kwa wiki chache chache, kisha unachagua msimamizi. Lakini ekolojia, mageuzi ya viumbe na sehemu kubwa ya sayansi ya mimea huwa ni moja kwa moja: kama hakuna profesa aliyesema "huyu namtaka", fomu yako hata iwe nzuri namna gani inakaa. Huko unaanza kuandika barua pepe Agosti hadi Oktoba, unamuuliza kama anachukua mwanafunzi msimu unaokuja.

Fomu nyingi zinafungwa kati ya Desemba 1 na Desemba 15. Usaili ni Januari na Februari. Majibu yanakuja mpaka Machi, na vyuo vingi vinafuata makubaliano kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi yenye ufadhili ana hadi Aprili 15 kuamua. Ukipigiwa simu Februari ukaambiwa uamue kesho, omba muda kwa adabu, usitishike.

Hela: PhD ya biolojia Marekani kwa kawaida hulipi ada. Chuo kinalipa, kinakupa posho ya kujikimu na bima ya afya, nawe unafundisha vipindi vya maabara au unafanya utafiti wa msimamizi wako. Ni miaka mitano au sita, na huhitaji kuwa na shahada ya uzamili kwanza. Kinachouma ni ada ya maombi, nyingi ni dola 75 hadi 100 kwa chuo kimoja. Kabla ya kulipa, andikia ofisi ya udahili uombe msamaha wa ada. Vingine vinawapa raia wao tu, vingine vinampa yeyote aliyeomba vizuri. Mtihani wa GRE, ule wa kuombea masomo ya juu Marekani, idara nyingi za biolojia zimeuacha, usikimbilie kuulipia kabla hujasoma ukurasa wa programu yenyewe.

Na viza: masharti ya Marekani kwa Watanzania yamekuwa yakibadilika, soma tovuti ya ubalozi mwenyewe, usisikilize vijiweni. Ndiyo maana nasema usiweke mayai yote Marekani.

Karibuni. Wenye uzoefu wa Ujerumani, Uingereza na hapa nyumbani washushe nondo.

Mzee wa Mikindani

Miaka sita! Kijana akipanda mikorosho ya kisasa leo, miaka sita anaingiza mzigo ghalani, wewe bado unaandika "sura ya tatu". Haya endeleeni, mimi nimeweka kigoda nasikiliza.

Kijana wa Kitangari

Shikamoo mzee. Mikorosho hiyo ya kisasa mbegu yake nani aliitafiti kama siyo watu wenye "sura ya tatu" pale kituo cha utafiti Naliendele?

Mzee wa Mikindani

Marahaba. Hapo umenipiga. Endelea.

Binti_Shangani

Kaka Kitangari, asante kwa uzi. Mimi nina shahada ya kwanza ya botania, GPA 3.6, na sasa hivi nafanya kazi ya mkataba kwenye majaribio ya viuatilifu vya ubwiri unga kwenye mikorosho. Sina uzamili, sina makala iliyochapishwa. Maswali yangu: GPA 3.6 naigeuzaje kwenda mfumo wao wa 4? Barua za mapendekezo nimwombe mkuu wa idara yangu ya zamani au bosi wangu wa shambani? Na usaili wanauliza nini? Naogopa watanihoji biokemia yote ya mwaka wa pili.

Kijana wa Kitangari

Dada, GPA usiigeuze. Fomu ina sehemu ya kuandika kiwango, andika 3.6 kati ya 5.0, na transkripti ionyeshe hivyohivyo. 3.6 kwa mfumo wetu ni daraja la pili la juu. Watu wanaopiga hesabu zao wenyewe wakaandika 2.9 wanajichinja.

Barua: wengi wanataka tatu. Moja itoke kwa bosi wako wa shambani, bila mjadala. Mkuu wa idara aliyekujua kwa namba ya mtihani ataandika "alikuwa mwanafunzi mwenye nidhamu", na hiyo ni barua tupu. Bosi aliyekuona unakataa kupika data siku karatasi za shambani zililowa ana kitu cha kusimulia. Mwombe mapema, angalau mwezi na nusu, mpe wasifu wako na insha yako ya malengo. Akikwambia "andika mwenyewe nitasaini", na huku kwetu wapo, mwambie kwa upole utampa dondoo, maneno ayaandike yeye. Barua tatu zenye mkono mmoja zinajulikana. Pia awe na barua pepe ya taasisi. Baadhi ya fomu zinaitilia shaka barua iliyotoka kwenye anwani ya bure.

Usaili siyo mtihani wa biokemia. Ni mazungumzo ya dakika 20 au 30 na mtu mmoja mmoja, wakati mwingine watu watatu hadi watano mfululizo siku hiyo hiyo. Karibu wote wanaanza na "nieleze utafiti wako". Kwa hiyo tufanye hapahapa. Nijibu kama mimi ndiye profesa: jaribio lako linauliza nini?

Binti_Shangani

Sawa, nijaribu. "Ubwiri unga ni ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho na kupunguza mavuno. Mradi wetu ulilinganisha salfa ya unga na viuatilifu vya maji. Kazi yangu ilikuwa kukusanya data za ugonjwa kila wiki na kuziingiza kwenye kompyuta. Tuligundua kwamba miti iliyopata dawa ilikuwa na ugonjwa mdogo kuliko isiyopata."

Kijana wa Kitangari

Umeeleza vizuri, na mahali pengi ungepita. Lakini nione nilivyokusikia mimi ninayeuliza. "Mradi wetu", "kazi yangu ilikuwa kukusanya". Umejiweka pembeni ya kazi yako mwenyewe. Na hitimisho kwamba dawa inapunguza ugonjwa, mkulima wa Tandahimba analijua bila PhD.

Sasa nakuchimba. Salfa ya unga inapigwa kwa mashine miezi ya Juni hadi Agosti, na miezi hiyo huku kwetu kusi inavuma. Unga unapeperuka. Una uhakika gani kwamba miti yako isiyopewa dawa haikupata dawa ya jirani? Na ugonjwa uliupima vipi, kwa macho? Nani alikuwa anapima, na alikuwa anajua mti upi umepewa nini?

Usijibu haraka. Fikiri kwanza. Kwenye usaili pia unaruhusiwa kunyamaza sekunde kumi ukafikiri. Hakuna anayekufukuza.

Binti_Shangani

Nimelala nalo hili swali.

Mikorosho yetu imepandwa mita 12 kwa 12, na kati ya kitalu na kitalu kuna mstari wa miti ya kinga ambayo hatuihesabu. Tunapiga alfajiri kabla upepo haujaamka, umande ukiwa bado kwenye majani. Lakini ukweli ni kwamba vitalu viwili vilivyo upande upepo unakoelekea, miti isiyo na dawa ilikuwa misafi kuliko ya upande wa pili. Nililiona. Nikamwambia bosi, tukaiweka kwenye daftari kama maoni, haikuingia kwenye ripoti.

Kupima ni kwa macho, unatoa alama kwenye mashada ya maua kwa asilimia iliyofunikwa na unga mweupe. Tulikuwa wawili. Tulikuwa tunajua mti upi ni upi, maana una rangi kwenye shina. Tatizo lingine: salfa yenyewe ikiwa mbichi kwenye maua nayo ni unga, ukitazama vibaya unaweza kuichanganya na ugonjwa.

Kijana wa Kitangari

HAPO. Dada, hicho ulichoandika ndicho usaili wako.

Tazama ulichonacho sasa: swali ambalo halikuwa kwenye mradi. Salfa inayopeperuka inakinga miti ya jirani kwa umbali gani, na ina maana gani kwa majaribio yote yanayotumia miti isiyo na dawa kama kundi linganishi? Kama mkulima mmoja akipiga na jirani yake asipige, nani anafaidika? Hilo ni swali la ekolojia ya ugonjwa, lina hesabu ndani yake, na limetoka kwenye daftari lako. Ukilisema hivyo, halafu ukaongeza kwamba ungerudia upimaji kwa mtu asiyejua mti upi umepewa nini, na kwamba ungepeleka mashada machache maabara kuangalia ukungu kwa hadubini ili kutenganisha na salfa, msaili anasogeza kiti mbele.

Wanaotoka kwetu hudhani udhaifu wa data ni aibu ya kuficha. Msaili anauchimba makusudi ili aone utaukimbia au utaushika. Mwenye jibu la "hatukuwa na tatizo lolote" namwekea alama ya kuuliza mimi mwenyewe.

Insha ya malengo ianze hapohapo, kwenye vitalu viwili vya upande wa upepo. Utoto na ndoto weka pembeni. Kurasa mbili: ulichokiona, ulichofanya wewe kwa mikono yako, usichoweza kukijibu kwa vifaa ulivyonavyo, na maabara zipi mbili au tatu pale chuoni zinaweza kukusaidia kulijibu, na kwa nini hizo. Hapo mwisho ndipo wengi wanabandika majina ya maprofesa bila kusoma hata makala moja. Inaonekana mara moja.

Ufuta_Mweupe

Naomba kupingana kidogo na mwanzisha uzi. Mnaongea kana kwamba PhD ni Marekani tu. Mimi nimemaliza yangu hapa Afrika Mashariki na sijutii. Kwa mtu wa wadudu kuna ARPPIS, mpango wa PhD wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu Nairobi, upo tangu 1983, unafanya utafiti kwao huku ukisajiliwa chuo kikuu, na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wamekuwa wakifadhili nafasi huko. Kuna vyuo vya hapa nyumbani: SUA Morogoro, Nelson Mandela Arusha, UDSM. Kwa akina dada kuna OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, wamekuwa wakifadhili PhD kwa wanawake wa nchi zilizo nyuma kisayansi na kiteknolojia wakasome nchi nyingine inayoendelea, na Tanzania imo. Binti, hiyo ikodolee macho.

Tofauti kubwa ni kwamba huku wanataka uzamili kwanza, na wanataka andiko la utafiti lililokamilika kabla hujaingia. Usaili wake ni mkavu zaidi: jopo, unawasilisha andiko, wanakushambulia bajeti na mbinu za takwimu. Ukisema "nitachukua sampuli 30", jiandae kueleza 30 imetoka wapi. Faida ni kwamba korosho yako unaitafiti korosho ilipo.

Uingereza nako ni hivyohivyo kwa kiasi: miaka mitatu hadi minne, mradi mara nyingi umeshapangwa, na ufadhili wa Jumuiya ya Madola una dirisha lake. Ujerumani shule za PhD za taasisi za utafiti za Max Planck, zinaitwa IMPRS, zinafundisha kwa Kiingereza na usaili wao ni mkali, unatoa mada mbele ya watu. Ila ukipita, nafasi nyingi kule ni mkataba wa ajira kabisa.

Kijana wa Kitangari

Ufuta, sibishi, na hapo kwa korosho ilipo umenizidi. Mimi mwenyewe nikitaka majani kutoka Newala yanifikie maabara, lazima kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), makubaliano ya kuhamisha sampuli, cheti cha afya ya mimea, na subira. Na sijalalamika. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na mpaka leo imesimama Berlin, kwa hiyo vibali viwepo. Ila anayeandika kwenye insha "nitaleta sampuli kutoka Tanzania" bila kutaja vibali, msaili anayejua kazi za Afrika atamuuliza.

Mwalimu Nangurukuru

Wakuu, mimi ni mwalimu wa biolojia sekondari hapa Kilwa, umri umesogea, karibu arobaini. Shahada ya ualimu wa sayansi. Utafiti wangu ni ule wa mwaka wa tatu tu. Nina nafasi au nijikalie?

Kijana wa Kitangari

Mwalimu, umri kwa Marekani hauulizwi kwenye usaili, na usiutaje wewe. Kufundisha ni mtaji: wanafunzi wa PhD kule wanaendesha vipindi vya vitendo, na mtu aliyeendesha vitendo vya kidato cha sita kwa hadubini mbili watoto sitini anaaminika. Lakini kwa kukosa utafiti, ukiniuliza mimi, usiende PhD moja kwa moja. Fanya uzamili wenye tasnifu, siyo ule wa masomo matupu, hapo Ufuta atakushauri chuo. Wakati unasubiri, nenda mwaloni. Vikundi vya BMU, vile vya wavuvi vya kusimamia fukwe, vinaandika samaki wanaotua. Omba kusaidia kuandika aina na urefu kwa msimu mzima. Ukiwa na msimu mzima wa data ulizosimamia mwenyewe, utaongea tofauti.

Ufuta_Mweupe

Mwalimu njoo faragha, tuongee Morogoro.

Msimbati_1

Mimi ni wa mikoko, nataka ekolojia ya delta ya Ruvuma. Nimewaandikia maprofesa kibao, kimya. Wawili wamejibu "sina nafasi". Tatizo nini?

Kijana wa Kitangari

Bandika hapa barua moja, toa majina.

Msimbati_1

"Mheshimiwa Profesa, natumaini barua hii inakukuta salama. Naitwa fulani kutoka Tanzania, nchi yenye Mlima Kilimanjaro. Nina shauku kubwa na uhifadhi wa mazingira. Nimevutiwa na utafiti wako mzuri. Naomba unipe nafasi ya PhD pamoja na ufadhili. Nimeambatisha vyeti vyangu vyote."

Kijana wa Kitangari

Kilimanjaro umeitoa wapi wewe mtu wa Msimbati, mkuu 😂 Umekaa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, halafu unauza mlima wa wenzako.

Barua iwe na mistari kama minane. Wa kwanza: wewe nani na unauliza kama anachukua mwanafunzi msimu ujao. Kisha kitu kimoja ulichokiona kwenye mikoko ya kwenu, kwa jina la spishi na mahali. Kisha kitu kimoja kwenye makala yake kinachogusana na hicho, na swali moja halisi. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili, vyeti viache. Akikaa kimya wiki mbili, mkumbushe mara moja. "Sina nafasi" siyo kukataliwa, ni taarifa. Mjibu kwa shukrani na umuulize nani mwingine anafanya kazi ya namna hiyo. Maprofesa wanajuana.

Daktari wa Ligula

Naongezea kwa wale wa virusi na mbu. Chikungunya iliripotiwa mara ya kwanza kwenye mlipuko wa 1952 na 1953 uwanda wa Makonde, hukohuko Newala. Nimewahi kumsikia mwombaji wa kwetu akiulizwa kwa nini anataka kusoma virusi vinavyoenezwa na mbu, akajibu "kwa sababu ni tatizo duniani". Newala yake ameiacha nyumbani.

Binti_Shangani

Kaka, la mwisho. Siku yenyewe ya usaili. Huku Januari ni mvua, na nyumba yangu ni bati tupu.

Kijana wa Kitangari

Swali zuri kuliko yote, na hakuna tovuti ya chuo inayolijibu.

Mvua ikipiga bati hakuna kipaza sauti kitakachokuokoa. Tafuta chumba chenye dari: ofisi ya mtu, hoteli ndogo, maktaba, nyumba ya ndugu. Kaonje siku moja kabla, muda uleule, kwa sababu mtandao wa asubuhi na wa usiku haufanani. Bando weka la laini mbili tofauti, simu ya pili iwe tayari kurusha intaneti. Umeme ukikatika, kompyuta iwe imejaa chaji na taa ndogo ya chaji iwe mbele ya uso wako, siyo nyuma. Waandikie mapema: "mtandao ukikatika nitarudi ndani ya dakika tano, namba yangu ya simu ni hii." Wanalielewa, na linaonyesha unajua kupanga kazi.

Saa: Januari New York iko nyuma yetu saa nane. Wakikuandikia 1:00 PM ya kwao, ni saa tatu usiku Mtwara. California ni saa kumi na moja nyuma, saa sita mchana yao ni saa tano usiku yako, kwa hiyo lala mchana. Katikati ya Machi wanasogeza saa zao mbele na tofauti inapungua kwa saa moja, hapo watu wengi wamekosa kikao. Ujerumani ni saa mbili tu nyuma.

Na watakapokuuliza "una swali kwetu?", usiseme huna. Muulize msimamizi mara ya mwisho alivyotofautiana na mwanafunzi wake kuhusu data waliamuaje. Uliza wanafunzi wanamaliza kwa miaka mingapi, na posho inalipwa miezi 12 au 9, maana hiyo mitatu ya kiangazi imewaliza wengi. Ukipewa nafasi ya kuongea na wanafunzi peke yao, hilo la posho waulize wao.

Binti_Shangani

Miezi 9! Hilo sikulijua kabisa. Asante kaka. Naomba unifanyie usaili wa majaribio kwa video kabla ya Desemba, na Daktari wa Ligula awepo kama mtu wa fani nyingine.

Daktari wa Ligula

Nipo. Ila nikiwa zamu nitachelewa.

Kijana wa Kitangari

Jumamosi ya wiki ijayo, saa tatu usiku saa za Mtwara. Msimbati na Mwalimu nanyi muingie, mtauliza maswali. Binti, andaa picha moja tu ya kuonyesha: ramani ya vitalu vyako na mshale wa upepo.

Mzee wa Mikindani

Na mimi naingia. Nina mikorosho upande wa chini ya upepo kwa jirani anayepiga salfa kila mwaka, mimi sijapiga. Nataka kujua kama namwibia.